Gari la Wakfu na Oili Isiyopimwa



Miongoni mwa mali za misikiti mingi ya mikoani ni gari moja kuukuu la abiria, lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha tumika. Huko lilikotoka, na Ulaya pia, wako watu wanaoigeuza HiAce kuwa nyumba ya safari, yenye kitanda na jiko. Kwetu Sumbawanga gari hilo hubeba watoto wa madrasa, masheikh wanaokwenda kwenye daawa, na jeneza saa yoyote Mwenyezi Mungu atakapoamua. Kwa hiyo linapoharibika, kinachokwama ni haki ya maiti na utulivu wa wafiwa.

Gari letu ni la otomatiki. Tangu tulipolipokea kama wakfu tumekuwa tukiambiwa kwamba otomatiki haiwezi milima ya Ufipa. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 tu. Anayekwenda kuzika Muze huuteremka ukuta wa Bonde la Ufa, na kurudi hana budi kuupanda.

Katika safari moja ya mazishi, tukiwa tunapanda, injini ilianza kunguruma huku gari likijikokota, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Wazee waliteremka wakatembea kwa miguu. Kesho yake hazikukosekana sauti za kunong’ona habari za husda na jicho. Jina la mji wetu huelezwa kuwa na maana ya “tupa uchawi”, na hakika ulistahili kutupwa siku ile. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akatuonyesha. Oili ambayo ingepaswa kuwa nyekundu na angavu ilikuwa nyeusi, inanuka moto.

Kwenye gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi kwa mguu. Kwenye otomatiki, kazi hiyo hufanywa na oili: ndiyo inayopokea nguvu ya injini, inayobana sahani za klachi, inayolainisha na kupoza. Ikichakaa au ikipungua, sahani huteleza. Kuteleza huzaa joto, na joto huiunguza oili iliyobaki. Kilima hufichua tu ugonjwa ulioanza zamani.

Kamati ilikuwa na njia tatu: kufunga gia za mkono, kuifumua giaboksi na kubadili sahani zake, au kununua nyingine iliyotumika. Ya kwanza ilihitaji klachi, pedali na marekebisho ya nyaya. Ya pili ilihitaji fundi mzoefu wa otomatiki, na hatukumpata karibu. Tukachagua ya tatu, kwa masharti. Fedha zilikuwa za wakulima wa mahindi na maharage na za akina mama wauza mboga, hivyo hatukuwa na haki ya kuzitumia kwa kubahatisha.

Tulimtaka muuzaji alinganishe namba za giaboksi na za gari letu, na atoe dhamana ya maandishi. Tulimtaka fundi asafishe mabomba yapitishayo oili kwenye rejeta, kwa sababu uchafu wa giaboksi iliyokufa huiua mpya. Tulimtaka pia ahakikishe konveta imeingia hadi mwisho kabla ya kukaza bolti, la sivyo pampu ya oili huvunjika. Na oili ikawa ile iliyoagizwa na mtengenezaji. Mwenye gari lenye mfumo wa CVT asikubali kuwekewa oili ya otomatiki ya kawaida. Rangi kufanana si hoja.

Lakini spea haikumaliza jambo. Gari la mtu mmoja lina mwenye kulihurumia. Gari la wote, kila apandaye hudhani mwenzake amekwisha kulikagua. Kwa hiyo tumemteua kijana mmoja, tukampa daftari. Kila Alhamisi huliweka gari mahali tambarare injini ikiwa imepata moto, hupitisha gia zote, hurudi kwenye P, kisha hupima oili injini ikiwa inanguruma. Oili tutaibadilisha kila kilomita 40,000. Dereva naye ameagizwa kuzima kitufe cha O/D milimani, na kuteremka kwa gia ya 2 au L ili injini isaidie breki. Asubuhi za baridi ya Juni na Julai huiacha injini ipate moto kidogo kabla ya kuondoka.

Tumezoea kudhani kwamba thawabu ya wakfu inaishia kwa aliyetoa. Sisi tuliokabidhiwa nasi tuna sehemu yetu, na huenda sehemu hiyo ikawa ndogo kama kijiti cha chuma na kitambaa cha kufutia. Mzazi mwenye Noah yake nyumbani, na kamati yenye HiAce uani mwa msikiti, wachomoe kijiti hicho wiki hii, kabla kilima hakijawauliza.

Wabillahi tawfiq.