Randa ya Mnadani

Mdogo wangu alipomaliza mafunzo ya useremala alirudi nyumbani na cheti, penseli moja na futi ya kukunja. Mafundi wa Keko, hapa Dar es Salaam, walikuwa radhi kumpa nafasi katika karakana yao, ila kwa sharti kwamba aje na zana zake. Sikuwalaumu. Seremala hamwazimi mtu randa yake, kama vile kinyozi asivyoazima wembe.

Dukani randa mpya ya chuma niliikuta kwa shilingi 120,000. Mke wangu alikuwa amepokea fedha za upatu, shilingi 80,000, nazo zilikwisha kutengwa kwa sare za watoto. Akanikabidhi bila maneno mengi, jambo lililonielemea kuliko kama angelalamika. Jirani yetu, mzee aliyefanya useremala kwa zaidi ya miaka 40, ndiye aliyenishauri niende mnadani, na akajitolea kufuatana nami.

Ndugu msomaji, yeyote anayedhani kwamba mnadani kila kitu ni rahisi na ajaribu siku moja kwenda peke yake. Tulifika saa moja kabla ya dalali kuanza. Zana zilikuwa zimemwagwa juu ya turubai: misumeno, patasi zisizo na mipini, keekee, jiriwa moja, na randa nne. Moja kati ya hizo iling'aa kwa rangi mpya ya buluu, na mkono wangu ukaenda huko kwanza. Mzee akaigeuza, akanionyesha chini ya rangi mstari mwembamba ubavuni, karibu na mdomo. Ilikuwa imeunguliwa. Randa hizi hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, nacho kikiangushwa sakafuni hupasuka badala ya kupinda, na kiungo chake ni kigumu kuaminiwa.

Kisha akaokota ile iliyokuwa mbaya kuliko zote, nyekundu kwa kutu. Ilikuwa Stanley namba 5, yenye urefu wa inchi 14 na bisu la upana wa inchi 2. Akaniambia kwamba kutu ya juu juu si ugonjwa; hewa ya chumvi ya pwani hukitia kutu chuma chochote kilicholala bila mafuta. Kutu ya kuogopwa ni ile iliyochimba vishimo mgongoni mwa bisu karibu na makali, kwani makali ni mahali pande mbili zinapokutana, na upande mmoja ukiwa na vishimo ukali haukamiliki. Akalichomoa bisu, akatazama ni chuma kiasi gani kilichosalia kati ya makali na tundu refu la katikati. Akalaza futi ya chuma chini ya randa na kuinyanyua juu kuelekea jua, aone kama mwanga unapenya. Haukupenya. Baadaye nilisoma kwamba umbo hilo lilibuniwa na Mmarekani Leonard Bailey, na kwamba kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake mwaka 1869. Tangu hapo limebadilika kidogo sana, ndiyo maana kipuri cha randa kuukuu mara nyingi huingia katika nyingine.

Dalali alianza na shilingi 15,000. Mtu mmoja aliyevaa shati la kijivu akapandisha, nami nikapandisha. Mafundi wengine waliojaa pale walikuwa kimya. Nilifurahi moyoni, nikidhani kwamba hawakuona nilichokiona. Yule mtu akafika 30,000. Nikasema 35,000. Akainamisha kichwa. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, ikawa yangu.

"Ulitazama chuma tu," mzee akaniambia tulipokwenda kulipa. "Watu hukuwatazama."

Randa ile ilikuwa ya yule mwenye shati la kijivu. Alikuwa amekopa fedha za kununulia mbao, akaziweka zana zake dhamana kwa mkono wake mwenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 inazuia zana za fundi zisikamatwe kulipia deni la hukumu. Lakini huyu hakupelekwa mahakamani, alitia saini. Mafundi wenzake walikuwa wamekubaliana wasishindane naye. Mzee mwenyewe alikuja kuyatambua hayo baada ya bei kufika 30,000, na mimi nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa.

Nilimkuta langoni, nikamwambia aichukue kwa zile 30,000 alizonazo. Akaipokea, akafuta vumbi kwa kiganja, akaizungusha kidogo ile gurudumu ya shaba iliyo nyuma ya bisu.

"Na msumeno nitanunua kwa nini?" akauliza. Msumeno wake ulikuwa bado juu ya turubai. Kisha akauliza ni nani atakayeitumia randa. Nikamweleza habari za mdogo wangu.

"Mwambie asilinoe bisu kwa mashine. Litaungua, ugumu utoke. Jiwe na maji tu. Tena aje anione."

Akanirudishia, akaenda kuusubiri msumeno wake. Aliupata kwa shilingi 12,000, na safari hii nilifunga mdomo.

Mke wangu aliuliza fedha zilizobaki, nikamrudishia 45,000. Akafurahi, akaisifu randa mbele ya majirani. Habari za langoni sikumweleza hadi wiki ya pili. Mdogo wangu alikwenda kwa yule fundi Jumamosi iliyofuata, akarudi na vidole vyeusi kwa matope ya jiwe la kunolea, na bisu lililonyoa malaika ya mkono wake. Sasa kila Alhamisi randa huwa haipo Keko. Yule fundi huwa na kazi ya milango siku hiyo.