Shahada ya Uuguzi Baina ya Zamu na Zamu

Wengi wetu tuliotoka Kenya tukaja kukaa Lowell, mji wa viwanda vya kale vya nguo katika jimbo la Massachusetts, tumeingia katika uuguzi kwa mlango mmoja: kwanza kazi ya kuwasaidia wauguzi katika nyumba za wazee, kisha chuo cha miaka miwili, kisha mtihani wa leseni uitwao NCLEX, na baada ya hayo, ilhali mtu ameshakuwa na zamu zake, watoto wake na deni la nyumba, shahada ya kwanza ya uuguzi inayosomwa kwa njia ya intaneti. Hatua hii ya mwisho ndiyo ninayotaka kuizungumza, kwa kuwa nimeipitia mwenyewe, na kwa kuwa dada yangu mkubwa, muuguzi wa Mombasa, alipitia iliyo mfano wake kabla yangu. Mara nyingi tumelinganisha mambo yetu kwa simu, na kila tulipoyalinganisha imenithibitikia kwamba elimu ya mtu aliye kazini huwategemea watu wanaomzunguka kuliko inavyoitegemea mashine anayosomea.

Yafaa kwanza msomaji aelewe kwa nini mtu mwenye leseni na mshahara ajitwike mzigo huo. Katika Marekani muuguzi wa miaka miwili ya chuo na muuguzi wa shahada ya miaka minne hufanya mtihani mmoja na hupewa leseni moja. Lakini mwaka 2003 Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya hospitali za jimbo hilo, ukadhihirisha kwamba kila wauguzi wenye shahada walipozidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki katika muda wa siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 5. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilipendekeza kwamba ifikapo 2020 wauguzi 80 katika kila 100 wawe na shahada, na mwaka 2017 jimbo la New York likapitisha sheria ya kumtaka muuguzi mpya aipate shahada hiyo katika miaka 10 tangu kupewa leseni. Hospitali nyingi kubwa nazo zikaanza kuwapendelea wenye shahada, hata yule aliyeona kwamba leseni yake yamtosha alikuta mlango wa kupanda cheo, na pengine mlango wa kuajiriwa, ukifungwa mbele yake.

Nchi iliyoleta msukumo huo imeacha pia wasaa wa kuuitikia. Katika hospitali nyingi zamu ni ya saa kumi na mbili, tangu saa moja asubuhi hata saa moja usiku au kinyume chake, na zamu tatu kwa wiki zahesabiwa kuwa kazi kamili, hivi kwamba siku nne zinazosalia ni za muuguzi mwenyewe. Fauka ya hayo, sheria ya kodi imemruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi wake karo, kwa miaka mingi hadi kiasi cha dola 5,250 kwa mwaka, pasipo fedha hizo kutozwa kodi ya mapato. Masomo yenyewe, yaani utafiti, takwimu, afya ya jamii na uongozi, huja moja moja kwa majuma machache machache, na aliyekwisha kupata leseni hahitaji kurudia kufundishwa kupiga sindano wala kufunga kidonda.

Lakini wasaa huo mtu huutumia peke yake. Nilipotoka zamu ya usiku niliwasindikiza watoto kwenye basi la shule, nikajilaza hata adhuhuri, kisha nikafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni, baina ya sufuria na madaftari ya watoto, nikaandika hoja yangu ya juma, ambayo sharti ifike kabla ya saa sita ya usiku wa Jumapili pamoja na majibu kwa hoja za wanafunzi wawili wengine. Mmoja alikuwa Arizona, mwingine Ohio. Nilizijua fikira zao na sikupata kuzijua sauti zao. Wodini nako wenzangu hawakujua ninasoma nini, kwa kuwa adabu ya watu wa huku ni kumwachia mtu mambo yake, na mimi, kwa haya ya mgeni, sikuwaambia.

Hata hivyo singependa kuidhulumu elimu ile, maana ilinifundisha kuuliza. Katika somo moja tulitakiwa tulichukue jambo tunalolifanya kila siku na kuitafuta asili yake, nami nikachagua vidonda vinavyompata mgonjwa kwa kulala mno upande mmoja. Kila zamu nilikuwa nikijaza kipimo cha Braden, chenye mambo sita ya kutazamwa, nayo ni uwezo wa kuhisi maumivu, unyevu wa ngozi, kuinuka na kutembea, kujigeuza, chakula, na msuguano wa mwili na shuka. Na jumla yake ikishuka, hatari imepanda. Nilikuwa pia nikimgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nilipozisoma tafiti nikaona kwamba kwa wazee waliolazwa juu ya magodoro mazuri ya sifongo nzito, kugeuzwa kila baada ya saa tatu au nne hakukuzidisha vidonda kuliko kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na kwamba aghalabu jambo ni godoro, ngozi na lishe kabla ya kuwa saa ya ukutani. Tangu siku zile, nikimgeuza mzee, hutazama kwanza visigino na mfupa wa chini ya kiuno, hupapasa godoro kuona kama limekufa katikati, na huuliza jana alikula nini.

Nyumbani mambo yalianza kwa haja nyingine. Kenya ilikuwa na wauguzi wa cheti wapatao 20,000, nao ndio waliobeba sehemu kubwa ya huduma za taifa, mpaka vituo vya afya vya mashambani. Na njia ya darasani iliyokuwapo ya kuwapandisha wafikie stashahada ya muuguzi aliyesajiliwa iliweza kuwachukua kiasi cha 100 tu kwa mwaka, hata zingalipita karne kama mbili kabla ya kazi hiyo kwisha. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta kwa ajili yao, yaliyotiwa katika santuri za kompyuta kwa kuwa intaneti ilikuwa adimu, na mashine zikawekwa katika hospitali na vyuo ili muuguzi asome pasipo kuiacha kazi yake. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Aga Khan kilikuwa kimekwisha kufungua masomo kwa wauguzi walio kazini katika Kenya, Uganda na Tanzania, siku chache za wiki darasani na zilizosalia wodini.

Dada yangu alikuwa miongoni mwa hao wa santuri. Hakuwa na siku nne za kujikalia: zamu zilimfuata kila siku, na mwenziwe akiugua yeye ndiye aliyeitwa. Lakini chumba cha kompyuta kilikuwa hatua chache kutoka wodi ya wazazi, na waliokaa naye mbele ya mashine ndio waliokaa naye mbele ya wagonjwa. Jioni moja yeye na wenzake wawili walihitilafiana juu ya patografu, ile karatasi ya kufuatia uchungu wa uzazi: je, mstari wa hesabu ya kufunguka njia ukishavuka ule wa tahadhari na haujafika ule wa kuchukua hatua, uliochorwa saa nne mbele yake, mkunga angoje au aite daktari? Hawakumaliza shauri usiku ule. Asubuhi walichukua karatasi za wazazi waliokwisha kujifungua, wakazipanga juu ya meza pamoja na sista wa zamu, wakazisoma moja baada ya nyingine hata wakaafikiana. Mmoja wao alipokuwa na mtihani wawili walimshikia zamu, na watoto wa dada yangu walilala kwa mavyaa yake. "Mdogo wangu," aliniambia, "sisi hatukusoma, tulisomeshana."

Wala sidai kwamba ya nyumbani yote ni mema. Dada yangu alipomaliza na kuleta cheti chake alingoja miaka kabla ya kupandishwa daraja, akifanya kazi ya muuguzi aliyesajiliwa kwa mshahara wa muuguzi wa cheti, na wenziwe wawili wale wakavunjika moyo. Watu huwaambia wanafunzi wa namna yetu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini muuguzi ameinama kutwa nzima juu ya vitanda vya watu, na swali la haki ni kuuliza nani atakayemshikia kitanda naye akakitoa alichokitafuta. Ughaibuni nilishikiwa kwa wasaa na fedha, nikakosa mwenzi. Dada yangu alishikiwa na wenziwe, akakosa wasaa na malipo ya haki.

Rai yangu, basi, ni kwamba kusoma kwa muuguzi kuhesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake, maana faida yake ya kwanza humwendea mgonjwa. Tangu 2013 huduma nyingi za afya za Kenya ziko mikononi mwa serikali za kaunti, nazo zaweza kumwandikia muuguzi saa zake za kusoma katika ratiba ile ile zinamoandikwa zamu zake, na kumpandisha daraja mara tu cheti chake kinapothibitishwa, pasipo kumngojesha hata ari ikafa. Nasi tulio ugenini tuondoe haya, tumwambie sista wa zamu kwamba tunasoma, na tutafutane sisi kwa sisi katika miji yetu, tusomeane makala kabla ya kuzipeleka na tupokezane watoto siku za mitihani, kama ambavyo mama zetu wangefanya.