Tabaka: vumbi la mawe na uhai wa kamera yako

Je, msomaji, kuna kifaru, bakuli au sataranji ya jiwe laini kwenye kabati la sebuleni kwako? Basi huenda kikawa kimetoka Tabaka, eneo la Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii. Ukitaka kupaona, panda gari Nairobi asubuhi na mapema, upitie Narok na Bomet hadi mji wa Kisii, mwendo wa kilomita zipatazo 300. Kutoka hapo unashika barabara ya Migori, kisha unachepuka kwenda Tabaka kupitia vilima vyenye migomba, mahindi na miwa.

Hutakosa kujua kwamba umefika. Kando ya njia utaona marundo ya mawe meupe, ya kijivu na ya waridi, na chini ya miti wanaume wameketi na mapanga, misumeno na visu, wakichonga. Jiwe lenyewe ni laini hata ukucha huliacha alama, na likaitwa jiwe la sabuni kwa kuwa ukilishika huteleza kama sabuni. Machimboni wanaume hulichimba kwa nguvu za mikono, kazi ya hatari kwa kuwa kuta za mashimo huweza kuporomoka. Likishachongwa, hupokelewa aghalabu na kina mama, ambao hulisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji mpaka ling'are. Baadaye hutiwa rangi na nta. Kwa hiyo kinyago kimoja hupita mikono ya watu wengi kabla hujakitia mfukoni.

Kazi hii imefika mbali. Mzaliwa wa Tabaka, Elkana Ong'esa, ndiye aliyechonga sanamu ya ndege wa amani iliyoko makao makuu ya UNESCO mjini Paris, Ufaransa.

Sasa, mgeni yeyote anayefika hapa na kamera hushikwa na tamaa. Kila upande kuna picha: mikono iliyojaa unga mweupe, watoto wakibeba vinyago, mistari ya viboko na twiga ikikauka juani. Bila kujua, umebofya mara 400 kabla ya chakula cha mchana. Zamani za filamu mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila picha ilikugharimu fedha za kusafisha. Siku hizi twaona kwamba picha ni za bure. Je, ni za bure kweli?

Vipazia viwili

Ndani ya kamera ya dijitali yenye lenzi ya kubadilisha, mbele ya kihisi kinachopokea mwanga, mna kifaa kiitwacho shata. Hivi ni vipazia viwili vilivyoundwa kwa vibamba vyembamba mno. Ukibofya kitufe, kipazia cha kwanza hufunguka ili mwanga uingie, na cha pili hufuata nyuma yake na kuufunga mlango. Kila kimoja hukimbia sentimita mbili na kitu kwa muda usiotimia sehemu moja ya 200 ya sekunde, kisha husimama ghafla. Ule mlio wa "kacha" unaoupenda ni sauti ya kazi hiyo.

Kila mlio basi ni msuguano na kishindo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na siku moja chemchemi hulegea au kibamba hupinda. Ndiyo maana uhai wa shata hauhesabiwi kwa miaka bali kwa idadi ya mibofyo.

Watengenezaji huzijaribu kamera zao na kutaja idadi hiyo. Kamera nyingi za bei nafuu hukadiriwa mibofyo 100,000. Canon 5D Mark IV ilikadiriwa 150,000, na Nikon D850 ikapewa 200,000. Zile za wanahabari na wapiga picha wa michezo huzidi hapo: Canon 1D X ilipewa 400,000 na mdogo wake, 1D X Mark III, 500,000. Kumbuka kwamba huu ni wastani tu na wala si siku ya kufa. Nyingine hufa mapema, nyingine hupita mbali kabisa.

Piga hesabu nyumbani

Familia inayopiga picha 50 kwa wiki hufikisha 2,600 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, shata ya mibofyo 100,000 ingedumu miaka 38, na kamera itapotea au kupitwa na wakati kabla haijachoka. Lakini mtazame kijana anayejitafutia riziki kwa kupiga picha za harusi. Akipiga 1,500 kila Jumamosi, mibofyo 100,000 itakwisha kwa mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Akiwa na mazoea ya kushikilia kitufe, kamera ikatoa picha 10 kwa sekunde, atafika mapema zaidi.

Hapa ndipo wazazi na wanafunzi wanapaswa kuwa macho. Kamera nyingi zinazonunuliwa na wanaoanza ni za mkono wa pili. Kwa nje hung'aa kama mpya, lakini huenda zimetoka kwa mtu aliyezifanyisha kazi ya kupindukia. Usiulize tu imetumika miaka mingapi. Uliza imebofywa mara ngapi. Katika kamera nyingi za Nikon idadi hiyo hufichwa ndani ya faili ya picha, nayo husomwa kwa programu ya kompyuta. Nyingi za Canon huhitaji programu maalumu au fundi. Muuzaji asipokubali upige picha moja ya kupima, shika njia yako.

Dalili za shata inayokufa ni hizi: upande mmoja wa picha huwa mweusi, mwanga haulingani, mlio hubadilika, au kamera hugoma na kuandika kwamba ina hitilafu. Fundi aweza kuweka shata mpya, ila kwa kamera ya zamani gharama huweza kukaribia bei ya kununua nyingine iliyotumika. Ikiwa karo ya mdogo wako inatokana na kamera hiyo, anza kuweka akiba kabla haijafika siku hiyo.

Na vumbi je?

Vumbi la Tabaka ni laini kama unga, nalo hupenya kila mahali. Usibadilishe lenzi penye msumeno unaokata. Chagua moja kabla hujaingia. Kamera ikipumzika, iweke ndani ya mfuko. Jioni ipanguse kwa brashi laini. Ndani usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate huruka, wala usiviguse vipazia kwa kidole. Mikebe ya hewa ya shinikizo pia huweza kuvipinda.

Wanaotumia simu wana nafuu, kwani simu haina vipazia hivyo. Kihisi chake huwashwa na kuzimwa kwa umeme. Hata kamera kubwa zimeanza kufuata njia hiyo: Nikon Z9, iliyotoka mwaka 2021, haina shata ya vipazia kabisa. Lakini kamera zenye shata zimejaa mikononi mwa watu, nazo zitaendelea kulisha familia kwa miaka mingi.

Ukiwa Tabaka, basi, tulia kidogo umtazame mchongaji kabla ya kubofya. Panga lake hupungua upana kila linaponolewa, naye alijua hivyo siku aliyolinunua. Hageuzi jiwe na kulipiga ovyo, kwa kuwa kipande kikishadondoka hakirudi. Huliangalia kwanza, kisha hupiga. Nawe pia omba ruhusa, nunua kinyago kimoja cha mtu unayempiga picha, subiri mkono wake ufike pale unapopendeza, ndipo ubofye. Utarudi nyumbani na picha chache zilizo nzuri, na kamera yenye siku nyingi za kuishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kamera ni idadi ya mibofyo yake.