Haikuwa Jino
Kwetu kando ya ziwa, shavu la mtoto likivimba watu husema ni jino. Mpwa wangu wa miaka sita aling'olewa moja, na uvimbe ukazidi. Mimi niliyeacha chuo, mwenye muda na intaneti ya simu, ndiye nilitumwa kusoma lile jina tuliloandikiwa: Burkitt.

Kumbe ni daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyewaona watoto wenye taya kama lake hapo ng'ambo ya ziwa, Mulago, Kampala, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikagunduliwa katika seli za uvimbe huohuo. Karibu sote tunavyo, na hutuacha tu. Malaria ya kila mara inachangia mambo kugeuka.

Saratani hii huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na sisi tulikuwa tunasema ati tungoje mwisho wa mwezi! Niliposoma hapo, dada aliacha kuchambua sukuma.

Lakini kasi hiyo ndiyo udhaifu wake pia. Kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na watoto wengi hupona wakitibiwa mapema na kumaliza dozi zote. Kumaliza, sasa hapo ndipo nauli inaingia. Tumeuza mbuzi wawili. Jumatatu ni dozi ya tatu, na shavu limeanza kushuka.