Faini ya mwendo kasi Kenya haiishii Horohoro

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, leo tuwaache nzi wa matunda kidogo. Machungwa yetu ya Muheza mengi yanavuka Horohoro kwenda Mombasa, na madereva wengi wanaamini kosa la Kenya linaishia mpakani. Sivyo.

Msimu uliopita mama mmoja ninayemhudumia alikodi lori kupeleka machungwa Kongowea. Dereva alikuwa na kesi ya zamani. Aliwahi kukamatwa kwa mwendo kasi upande wa Kwale, akaweka dhamana ya fedha polisi, akapewa risiti na tarehe ya mahakama, akarudi zake Tanga akijua amelipa. Kumbe dhamana si faini! Usipofika mahakamani fedha ile inapotea, na hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata. Safari hii walimshika, machungwa yakakaa siku mbili chini ya turubai na joto lile la Pwani. Mama wa watu hata baiskeli hana, lakini hasara ilikuwa yake.

Kanuni za Kenya za mwaka 2016 zinasema ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa unaonywa. Kuanzia 6 hadi 10 ni shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Ukipita hapo ni mahakamani, wala usitegemee kitu kama ile 30,000 yetu ya kulipa kwa simu na kuendelea na safari. Mahakama inaweza pia kukuzuia kuendesha. Leseni ya Tanzania inakubalika kule, ila ukishazuiwa haikusaidii kitu.

Na mwendo wenyewe si mgeni: lori kubwa 80, kwenye makazi 50, kama huku kwetu.

Kabla ya kukodi gari, muulize dereva kama ana kesi Kenya. Akisema alishalipa, aonyeshe risiti ya mahakama, siyo ya dhamana. Fedha ya mkononi barabarani haina risiti, kwa hiyo haimalizi kosa. Kama tarehe ya kesi haijafika na hawezi kwenda, atafute wakili wa kule mapema. Na wewe mwenye mzigo, acha kumwahidi dereva nyongeza ili awahi soko la alfajiri. Pakieni mapema.