Majivu ya Mhunzi

Nilifundisha fizikia Nachingwea kwa miaka mingi, tena kwa Kiingereza, kama utaratibu wa sekondari unavyotaka. Siku moja mwanafunzi kutoka Ruangwa, mjukuu wa mhunzi, alinyoosha mkono akasema kwa Kiswahili: "Mwalimu, babu akitaka shoka liwe gumu hulizamisha majini lingali jekundu. Akitaka chuma kilainike, hukifukia majivuni kipoe taratibu." Nikamwamuru aseme kwa Kiingereza au akae. Akakaa. Hakunyoosha mkono tena.

Nimelikumbuka kosa hilo nikisoma habari za aloi zinazopitisha umeme bila ukinzani wowote. Nyaya za niobi na titani, zilizomo katika mashine za hospitali zipigazo picha kwa sumaku, hufanya kazi ndani ya heliamu kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 hivi chini ya sifuri. Lakini zinapotengenezwa hupashwa moto wa karibu nyuzi 400 kwa saa nyingi. Joto hilo hutenga chembe ndogo za titani ndani ya waya. Chembe hizo huzuia mistari ya usumaku isihame, na waya hubeba mkondo mkubwa zaidi.

Metali ni ileile. Tabia yake hufuata namna ilivyopashwa na kupozwa. Mjukuu yule alilijua hilo, na vitenzi vyake alikuwa navyo: kuzamisha, kufukia, kupoa. Mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Wasomaji wa Lindi na kwingineko, wahunzi wenu huiitaje kazi ile ya majivuni? Naomba mnifundishe.