Mshika Funguo

Kabla sijaigusa kompyuta nilikuwa karani wa mchezo, ule wa kuchangishana pesa na kupokea kwa zamu. Mama alikuwa mhazini wa kina mama kumi na wawili wa mtaani kwetu Temeke, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilikabidhiwa daftari na soda moja kila Jumapili. Daftari lilikuwa na majina na alama za vema, basi. Sheria hazikuwamo: kwamba mtu haingii mchezo ukishaanza, kwamba hapokei mara ya pili mpaka wote wapokee, kwamba jina la aliyejitoa halifutwi bali linapigwa mstari mmoja ili lizidi kusomeka. Hizo zilikaa kichwani mwa mama. Siku alipolazwa, jirani akashika daftari, na wiki hiyo hiyo mtu mmoja akapokea mara mbili. Jirani hakuiba. Alisoma orodha, na orodha haikumkataza.

Ninaandika programu mwaka wa ishirini na ushee sasa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kulitia daftari kichwa cha mama.

Nilianza 2002 Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ghorofani juu ya duka la vitenge. Bosi aliuza kompyuta, na mteja aliyenunua tatu aliandikiwa programu ya hesabu bila malipo, kama muuza nyanya anavyotupia moja juu ya fungu. Nyanya hiyo ya nyongeza ndiyo nilikuwa mimi. Tulitumia Visual Basic 6, iliyotoka 1998, na tulichoandika tulikiita kodi kama wanavyokiita wenzetu wote hadi leo, ingawa kila nikimwambia mjomba kwamba nashinda naandika kodi alidhani nimeajiriwa TRA.

Lugha ile ilikuja na kitu kinachoitwa Collection. Mimi nilikiita gunia. Utatia humo mwanachama, utatia mkopo, utatia tarehe ya leo na jina la mjomba, nalo litapokea vyote bila kukunja uso. Linahesabu kuanzia moja kama binadamu, jambo ninalolisifu mpaka kesho. Lakini huwezi kuliuliza swali jepesi kuliko yote: fulani yumo? Swali hilo halipo. Unatia mkono kumtafuta kwa ufunguo wake, na kama hayumo programu inapiga yowe la kosa namba 5, nawe unalidaka yowe hilo ndipo ujue hayumo. Ndivyo tulivyokuwa tukibisha hodi, kwa kuvunja mlango.

Dawa niliyofundishwa ni kulificha gunia ndani ya klasi ya kwako mwenyewe. Unaiita Wanachama. Gunia linakaa ndani, hakuna wa nje anayeliona, na unaacha milango michache uliyoichagua: ongeza, toa, idadi, yumo. Mlango wa ongeza unapokea mwanachama tu. Tarehe hairuhusiwi, mjomba haruhusiwi. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nililiona daftari likikataa, na nakumbuka nilimtilia yule mjomba wa majaribio mara tano au sita kwa raha ya kuona anarudishwa.

Ila klasi hiyo ilikuwa kiziwi kwa amri ya For Each, ile ya kuwapitia waliomo mmoja mmoja. Gunia lenyewe lilikuwa likiisikia. Klasi iliyolificha haikuisikia. Aliyenitoa gizani ni kaka mmoja wa meza ya pili, mtu wa sigara, ambaye hakuwa na maneno kabla ya saa nne asubuhi. Alisimama nyuma yangu akaniambia niandike methodi iitwayo NewEnum, yenye mstari mmoja tu wa kuazima kile kiungo ambacho gunia hutumia kujipitia. Kisha akaichukua mausi, akafungua kidirisha cha sifa za methodi, akaweka alama ya kuificha, na kwenye kisanduku kidogo ambacho sikuwahi kukitazama akaandika hasi nne.

"Kwa nini hasi nne, kaka?"

"Ndivyo inavyoitika."

Akarudi kwenye kiti chake. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba ni makubaliano ya ndani ya Windows: anayetaka kukipitia kitu hukiita kwa namba hiyo, na kitu kikiwa na methodi yenye namba hiyo, huitika. Lakini kwa miaka minne niliiandika kama hirizi, na 2006 ilidhihirika kwamba hirizi ndilo neno lake hasa.

Mwaka ule ukame ulishusha mabwawa, na umeme ukawa wa mgawo. Jioni moja nilikuwa nahamisha kazi kutoka mashine moja kwenda nyingine kabla zamu yetu ya giza haijafika. Kwa haraka sikunakili faili lenyewe. Nilifungua klasi, nikachagua maandishi yote, nikayabandika kwenye klasi mpya. Neno kwa neno, nukta kwa nukta. Programu ikagoma: kosa 438, kitu hiki hakina uwezo huo. Asubuhi yake ushirika mmoja wa akiba na mikopo ulikuwa na mkutano mkuu, na taarifa ya wanachama ilitegemea klasi hiyo. Nililala ofisini. Umeme ukirudi nalinganisha skrini mbili herufi kwa herufi, ukikatika UPS inalia kama kifaranga aliyeachwa na mama yake, nazima kila kitu na kukaa gizani nikisikia mlinzi anakohoa chini. Sikuona tofauti. Haikuwapo.

Saa nne kaka akatoa neno lake la kwanza, nalo lilikuwa "Notepad." Tukafungua mafaili yote mawili humo. Kwenye lile la zamani, chini kidogo ya jina la methodi, ulikuwapo mstari ambao Visual Basic yenyewe haimwonyeshi mwandishi:

Attribute NewEnum.VB_UserMemId = -4

Kwenye lile jipya haukuwapo. Ukinakili unachokiona, unaacha usichokiona. Niliurudisha kwa mkono kwenye Notepad, nikahifadhi, nikafungua upya, For Each ikaitika. Wakati huo wanachama walikuwa wameshasomewa taarifa ya mwezi uliopita na wameshakula pilau.

Mwaka uliofuata nilihamia kwenye Java, nikadhani nimefika pwani. Joshua Bloch na wenzake walikuwa wamesanifu mikusanyiko ya kila namna na kuitoa pamoja na Java 1.2 mwishoni mwa 1998, na tangu toleo la 5 la 2004 ulikuwa unaweza kutamka "orodha ya wanachama" na mashine yenyewe ikamzuia mjomba kabla programu haijaanza kukimbia. Nusu ya klasi nilizokuwa nikizitengeneza Kariakoo zilikufa hapo, na sikuziwekea matanga. Bado nawaona vijana wanaandika mkusanyiko mpya ambao haufanyi lolote ila kubadili jina la orodha iliyopo. Kama kundi lako halina sheria yake, tumia orodha ya dukani.

Kundi langu lilikuwa na sheria. Tulikuwa tunaviandikia programu vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mtindo huu mzizi wake ni vikundi vya akina mama wa Niger vilivyoanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991, na kwetu umeota kama mwarobaini. Nilikwenda kuangalia kikao kimoja ili nijue ninachokiandika. Kina mama walikaa kwa duara, sanduku la bati katikati, kufuli tatu. Washika funguo ni watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Niliangalia mama wa pili alivyofungua kufuli lake: alikuwa amefunga ufunguo kwenye ncha ya khanga, akafundua taratibu, akafungua, akaufunga tena kwenye ncha kabla wa tatu hajainuka. Pesa ilihesabiwa kwa sauti, kila mtu akisikia. Katiba yao ilisema wasizidi 30.

Nikarudi ofisini nikaandika klasi ya Kikoba kwa kurithi ArrayList, ile orodha ya dukani. Hilo ndilo kosa ninaloweza kulieleza hata nikiamshwa usiku. Nilidhani urithi unanipa yote bure: kupanga, kutafuta, kuhesabu. Nikaandika upya mlango mmoja tu, add, ukatae mtu wa 31. Nikaujaribu, ukakataa. Wiki mbili baadaye kikoba kimoja kikaonyesha watu 34.

Niliapa kwamba haiwezekani. Mwenzangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuingiza majina kutoka Excel, hakubishana. Alinionyesha mstari wake. Alitumia addAll. Na addAll ya ArrayList haiwapitishi watu mmoja mmoja mlangoni kwa add. Inanyanyua safu nzima na kuimwaga ndani kwa mkupuo. Mlinzi wangu alikuwa amesimama mlango wa mbele na bunduki yake, na watu 34 wakashushwa na lori uani. Nilipokaa kuhesabu niliona kumbe nyumba niliyoirithi ina madirisha mengine ambayo sikuyajua: kuingiza katikati, kubadilisha aliyepo, kupitia orodha huku unachomeka, hata kukata kipande cha orodha na kukijaza kwa upande.

Nilifarijika kugundua kwamba wakubwa nao waliteleza hapo hapo. Stack ya Java inapaswa kuwa kama rundo la chapati: unaweka juu, unachukua juu. Lakini waliifanya irithi Vector, ambayo ni orodha ya kawaida, kwa hiyo mtu anaweza kuchomoa chapati ya katikati na hakuna wa kumzuia. Ipo hivyo tangu toleo la kwanza, na haiwezi kurekebishwa bila kuvunja programu za watu.

Nikabomoa. Safari hii nilianzia kwenye AbstractList, ambayo ni mifupa tu. Ukiipa methodi mbili, ya kumleta aliye nafasi fulani na ya kutaja idadi, tayari inajua kutafuta na kupitia. Ukitaka watu waingie na watoke unaiongezea tatu: kuingiza, kubadilisha, kutoa. Humo, add na addAll zote huishia kwenye mlango ule ule wa kuingiza, kwa hiyo mlinzi mmoja anatosha. Gunia likarudi ndani, kama Kariakoo, nami nikawa nimezunguka miaka sita kufika nilikoanzia, mshahara tu ndio uliopanda.

Kisa cha mama wa laini mbili kilinitesa zaidi kwa sababu kilifanana na uchawi. Wanachama wa mkoa mzima niliwaweka kwenye HashSet, nikiwatambua kwa namba za simu. Seti ya namna hiyo ni kama masanduku ya barua pale Posta: inapiga hesabu juu ya namba ya mtu, hesabu inatoa namba ya sanduku, mtu anawekwa humo. Ndiyo maana inampata haraka, haitafuti jengo zima. Mama mmoja akabadili laini. Karani akafungua kumbukumbu zake, akaandika namba mpya, akahifadhi. Toka siku hiyo, ukiiuliza seti kama yumo, inajibu hayumo. Ukiwachapisha wote, huyo hapo katikati ya wenzake. Ukimtoa, hatoki. Karani, kwa kuamini kompyuta, akamwandikisha upya, ikakubali. Sasa wakawa wawili, na mama wa watu akatozwa faini mbili kwa kuchelewa kikao kimoja.

Seti haikudanganya. Ilipiga hesabu kwa namba mpya, ikaenda kwenye sanduku jipya, ikalikuta tupu; mama alikuwa bado kwenye sanduku la namba ya zamani, nani angemhamisha? Nilitumia siku nzima kulijua hilo na dakika kumi kulirekebisha, kwa kumtambua kila mtu kwa namba ya uanachama isiyobadilika. Faini nilimrudishia mfukoni mwangu. Alihesabu kwa sauti.

Juzi kijana tuliyemwajiri ameniomba tupitie kodi yake. Alikuwa ameichukua Kikoba yangu, kurasa na kurasa, pamoja na maelezo yangu marefu juu ya addAll, akaifuta yote. Mahali pake palikuwa na mistari kumi na moja. Sikusema kitu. Nikavuta kibodi, nikaandika jaribio: orodha ya watu 34, addAll, bonyeza. Ikakataa. Nikajaribu kuchomeka katikati, kubadilisha, kukata kipande na kukijaza. Ikakataa, ikakataa, ikakataa.

"Mlango umeuweka wapi?"

"Hamna mlango, mzee."

Alikuwa ametumia rekodi, zilizoingia rasmi kwenye Java 16 mwaka 2021. Anapokea orodha, anainakili kwa List.copyOf ambayo haikubali kuguswa tena, anahesabu kama wamezidi 30 palepale kikoba kinapoumbwa, na baada ya hapo hakuna anayeingia wala kutoka. Akija mwanachama mpya, hafunguliwi. Kinaumbwa kikoba kingine, chenye wale wa zamani na yeye. Niliisoma mara tatu. Nilikumbuka ncha ya khanga.

"Na yule ambaye bado ameshika kikoba cha jana mkononi," nikamwuliza, "akitoa mkopo kwa hesabu ya jana?"

Akanyamaza. Kisha akavuta kiti.